Chupa za Kinamasi Kwenye Friji Yetu

Juzi nilisimama kando ya barabara hapa Nkoma, Mbale, nikimsubiri boda boda wangu, yule ambaye kila nikimpigia simu huniambia amefika kumbe bado anatafuta viatu, mara akapita mwenzake amebeba mzigo wa mafunjo mabichi. Mabua yalikuwa marefu, vichwa vyake vikiburuzika kwenye lami, maji yakichuruzika. Alipopunguza mwendo kwenye tuta, harufu ikanifikia. Ni harufu ngumu kumweleza mtu ambaye hakuikulia. Mna majani humo, mna matope, mna kitu kama mkeka mpya uliosahauliwa nje ukanyeshewa. Nikaanza kucheka peke yangu, mpaka mama mmoja anayeuza ndizi pale akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu niko salama kabisa, na sikumdanganya. Wengine harufu za utotoni huwaliza. Mimi hiyo ya mafunjo hunishusha pumzi, kama vile nimeambiwa upya kwamba mtoto hajafa.

Tulikuwa tunakaa Nalufenya, kule Jinja, nyumba ya vyumba viwili na sebule, jiko likiwa nyuma. Baba alikuwa Msoga, Mama Mgisu wa Mbale, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake wakakutana katika Kiswahili, nasi tukazaliwa humo. Majirani walipotusikia tunaitana kwa Kiswahili walidhani Baba ni mwanajeshi wa kambi ya Kimaka, maana huko kwetu Kiswahili kilijulikana kuwa lugha ya askari. Wengine walimwita afande, na wakimwita hivyo walikuwa wakisogea kidogo pembeni. Masikini Baba, hata panya alikuwa akimfukuza kwa maneno. Kazi yake ilikuwa kupima maji.

Majitaka ya mjini yalipelekwa kwenye mabwawa, na kutoka mabwawani yakaachiwa yapite ndani ya kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya kufika ziwani. Baba alichota maji mahali yanapoingia kinamasini, kisha akazunguka kwa njia ya mbali akachota tena mahali yanapotokea, ili ijulikane kinamasi kimeyafanya nini huko katikati. Shuleni nilijulikana kama mtoto wa bwana choo. Nilimlalamikia Baba, naye akanipeleka nikaone mwenyewe, akiamini, kama wanavyoamini watu wa kazi yake, kwamba mtu akishaona atakoma kucheka.

Nilichokiona ni ukuta wa kijani uliosimama juu ya maji, mrefu kumpita Baba, na ndani yake vyura wakibishana. Baba aliniambia kinamasi kinafua maji. Mimi nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Nikaamini kwamba katikati ya mafunjo yale, mahali ambapo hatufiki, yupo mwanamke aliyeajiriwa kufua maji ya mji mzima, na nikawa natafuta povu la sabuni kwenye mfereji wa kutokea. Sikuliona. Baba alinieleza kwamba maji yakiingia mle yanapunguza mwendo, uchafu unazama, mizizi ya mafunjo inakula ile mbolea iliyomo, na wadudu wa magonjwa, wale wasioonekana, wengi wao wanakufa wakiwa wanangoja. Kinamasi kinataka muda tu, alisema. Ukikichimbia mtaro wa kuyapitisha maji haraka, umekifukuza kazi. Nikamuuliza yule mama mfuaji analala wapi. Baba akasema twende nyumbani.

Sasa, chupa. Friji ya ofisini kwao ilikuwa na tabia ya kukosa umeme mwisho wa wiki, na maji ya kupimwa ni lazima yakae baridi. Kwa hiyo Ijumaa zingine Baba alirudi na chupa zake mbili za plastiki, zinazofanana kabisa na zile za maji ya dukani, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, kila moja imebandikwa utepe wenye mwandiko wake. Mama alichukia jambo hilo kuliko alivyochukia panya. Mwishowe wakakubaliana: chupa zifungwe ndani ya kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, zikae chini kabisa, na mtu yeyote asiguse kavera nyeusi. Sisi wa nyumba ile tulilijua hilo kama tunavyojua jina. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa Jaja, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Mbale mdogo wangu Twaha alipozaliwa. Alikuja na kuku wawili, ndizi, na amri. Siku ya kwanza tu alibadilisha mahali pa sufuria zote. Mama hakuruhusiwa kunywa maji baridi, alikunywa uji na chai ya tangawizi mpaka akawa ananukia kama mkahawa. Mtoto hakuruhusiwa upepo. Mimi sikuruhusiwa kukimbia ndani ya nyumba. Na Baba, kwa sababu ya Jaja, hakuruhusiwa kitu chochote.

Nyinyi wenzangu mliokulia pande hizi mnayajua mambo ya ukwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamshiki mkono, hali naye, wala hakai naye chumba kimoja. Kwa Wasoga ni hivyo na kwa Wagisu ni hivyo, na Uislamu wa nyumbani kwetu haukuyafuta, uliyalegeza kiasi tu cha kumwezesha Jaja kulala chini ya paa la mkwe wake. Jaja akiwa sebuleni, Baba aliingilia mlango wa jikoni. Jioni moja alisimama chini ya upenu akinyeshewa mpaka Jaja alipomaliza Magharibi na tasbihi yake, na Jaja hakuwa mtu wa kuharakisha tasbihi. Siku nyingine walikutana uso kwa uso kwenye ujia, Baba akageuka ukutani ghafla akaanza kusoma kalenda ya mwaka uliopita.

Mimi nilidhani wanachukiana. Ningedhani nini tena? Walikuwa hawazungumzi ila kupitia kwangu, hata pale kila mmoja alipokuwa anamsikia mwenzake waziwazi. Jaja, akiwa chumbani nyuma ya pazia, angesema, "Sauda, ambia baba yako chai iko tayari," na Baba, aliyeketi hatua chache kutoka kwenye pazia hilo, angetulia kama kiziwi mpaka nimfikie na kumwambia. Halafu angenituma na asante. Nilichoka. Nikamuuliza rafiki yangu wa madrasa kama baba yake naye ana vita na nyanya yake, akaniambia hiyo si vita, ni mwiko, na mtu akiuvunja mikono yake huanza kutetemeka, itatetemeka mpaka ashindwe kushika kikombe, mwisho wake ni kaburi. Alinionyesha na ushahidi. Palikuwa na mzee mmoja msikitini ambaye mikono yake ilitetemeka mchana kutwa, na sisi watoto tukawa na hakika kabisa amefanya nini na mama mkwe wake.

Siku zile zile jirani yetu, Hajati, alirudi kutoka Makka. Alikuja kumpongeza Mama na kumletea Zamzam, maji matakatifu ya kisima cha Makka, ndani ya chupa ya maji ya dukani. Kwa kuwa Mama hagusi cha baridi, maji yale yakawa ya Jaja. Kila baada ya swala alifungua friji, akamimina kidogo kwenye kikombe cha kahawa, akasimama kuelekea kibla, akaomba dua ya magoti yake, akanywa. Alisema pia, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, kwamba Twaha naye atakuwa anamlowesha midomo kwa maji hayo, apate baraka. Hakuna aliyepinga. Nani apinge Zamzam?

Sasa ikaja Ijumaa ya chupa, na kesho yake umeme ukakatika mtaa mzima. Jaja hakuwa mtu wa kukaa akitazama barafu ikiyeyuka. Alitoa kila kitu, akafuta friji ndani na nje, akaikunja ile kavera nyeusi vizuri akaiweka na kavera nyingine, na zile tepe za Baba, zilizokuwa zimelowa na kuning'inia, akazibandua akazitupa. Chupa ya kuingilia, yenye maji ya kijani, aliinusa akaipeleka chooni. Ile ya kutokea ilikuwa safi kwa macho, kwa hiyo akaisimamisha mlangoni mwa friji, bega kwa bega na Zamzam. Na macho ya Jaja yalikuwa na ukungu, ingawa mwenyewe alisema ni taa zetu.

Jumatatu alfajiri Twaha aliamka akiwa moto. Hakulia sana, na hilo ndilo lililomtisha Mama. Aliwekewa ziwa akaligeuzia uso. Akawekewa tena, akageuza. Tangu usiku alikuwa hajanyonya. Baba alikuwa ameshaenda msikitini, kwa hiyo Hajati ndiye aliyemkimbiza Mama na mtoto zahanati, wawili na mtoto juu ya boda boda moja, na Mama akiwa amevaa ndara za Baba. Jaja alimwambia mtu wa boda aendeshe kama anabeba mayai. Kisha akarudi chumbani, akaketi juu ya mkeka, akashika tasbihi.

Baba aliporudi nilimpa habari. Akasema atachukua chupa zake, ataziacha ofisini, kisha atawafuata. Akafungua friji.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kwanza aliinama akatafuta kavera nyeusi pale chini. Halafu akainuka akautazama mlango wa friji, na akatoa chupa mbili zisizo na utepe. Moja ilikuwa nusu, vile vile ilivyokuwa Ijumaa. Nyingine ilikuwa imebaki robo. Akafungua ile ya robo akainusa. Baba alikuwa mtu mweusi hasa, lakini siku hiyo niliona jinsi mtu mweusi anavyopauka.

"Jaja alikuwa anakunywa gani?" aliniuliza. Nikamwonyesha ile ya robo. Akauliza, na mtoto? Nikamwambia Jaja alisema atamlowesha midomo, yeye mwenyewe Baba alimsikia akisema. Hapo akaniambia kitu ambacho mtoto hakupaswa kuambiwa, ila hakuwa na mtu mwingine. Aliniambia maji yale yamepita kinamasini, ni kweli, lakini kinamasi hakimalizi kila kitu, na tumbo la mtoto wa siku chache si kama tumbo langu. Zahanati wakijua alichokunywa watajua dawa ya kumpa. Wasipojua, watapapasa. Kwa hiyo niende kwa Jaja, nimuulize vizuri: mtoto alipewa maji ya chupa, au hakupewa?

Nikaenda, pazia likiwa baina yao, na Baba akiwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nikauliza kama nilivyotumwa. Jaja akasema nimwambie Baba asante sana, maji ni matamu. Nikarudi nikasema. Baba akasema hapana, muulize mtoto. Nikarudi. Jaja akajibu nimwambie Baba yeye hana lalamiko lolote katika nyumba hii, ametunzwa vizuri, Mungu amlipe. Leo ninaelewa. Alidhani mkwe ameambiwa kwamba hakuyapenda maji, na anataka kumhoji. Kadiri Baba alivyouliza, ndivyo Jaja alivyozidi kuwa na adabu, na mtoto yuko zahanati.

Mara ya tatu Baba hakunituma. Alivua viatu, akashika pazia, akalisogeza, akaingia.

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka kiasi kwamba pazia lenyewe lilitikisika kwenye waya, na mimi nikajua kila alichosema rafiki yangu ni kweli, tena haikuchukua hata dakika. Nikaanza kulia. Nilikuwa nampoteza Twaha, na sasa nampoteza na Baba.

Baba alichuchumaa mlangoni, uso ameuelekeza sakafuni. "Mama, nisamehe, nimeingia," alisema. "Hii maji si ya Makka. Ni maji ya kazi yangu, ya kinamasi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mutoto ulimupatia?"

Jaja alivuta leso yake kichwani. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza nilijua. Mimi nilikunywa hii maji tangu niko mutoto. Kule chini ya Mbale tulikuwa tunachimba shimo kando ya mafunjo, tunangoja ijae, tunachota. Inakuwa na ladha ya mukeka mupya. Makka hakuna mafunjo."

"Sasa kwa nini uliendelea kunywa, Mama?"

"Nilifikiri ni wewe umeniwekea. Nilisema labda ile ya kweli iliisha, mukwe wangu akaona haya, akatafuta maji akajaza ile chupa. Sasa mimi nirudishe kikombe ya mukwe?"

Baba alifunga macho. "Na mutoto?"

Hapo Jaja alimtazama, moja kwa moja, usoni, kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Mimi nilikunywa sababu ya heshima yako," alisema. "Mutoto huyu bado si mukwe wa mutu. Mimi nimupatie maji ya bwawa kwa nini?"

"Hata tone?"

"Hata tone moja. Anajua titi ya mama yake peke yake."

Baba aliteleza akakaa kitako pale mlangoni, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akaanza kutoa sauti ambayo nilidhani ni kilio. Ilikuwa kicheko, na kilio kilikuwemo pia. Nikamwambia Jaja kwamba Baba anatetemeka, atakufa. Jaja akanivuta kwenye paja lake akasema huyo hatetemeki kwa mwiko, anatetemeka kwa sababu ni baba ya mtu.

Kabla ya kuinuka, Baba alijitia moyo akamweleza Jaja kwamba maji yale, kabla ya kuingia kinamasini, yalitoka kwenye vyoo vya mji wa Jinja. Jaja aliiweka tasbihi chini. Kisha akanigeukia mimi, kwa utaratibu wa zamani kabisa, akaniambia nimuulize baba yangu kama swala zake za siku hizi zimekubaliwa. Baba, akiwa pale pale, alinijibu kwamba hilo atawauliza wenye elimu msikitini, yeye hupima maji tu.

Tukakimbilia zahanati. Mama alikuwa kwenye benchi, ameshika mtoto, hana hata machozi. Baba alimwambia mbele ya watu wote, "Hakupewa." Mama hakujua anazungumzia nini, na alipoelezwa ndipo machozi yakaja yote kwa pamoja, akawa analia kwa jambo lililokwisha kuwa jema. Muuguzi, mama mnene mwenye haraka, hakuwa na muda wa mambo yetu. Alimfungua Twaha blanketi la kwanza. Akafungua la pili. Chini ya la pili palikuwa na shali ya Jaja ya sufu, ile ya baridi ya Mbale. Akatuuliza kama tunaoka mkate. Akasema pua imeziba, mwili umechemka kwa nguo, hajaona ugonjwa mwingine. Alimsafisha pua, akampima, akatutaka tukae naye pale mchana ule wamtazame, Mama aendelee kumwekea ziwa, na asiponyonya mpaka jioni tusiondoke na tusikubali kuondolewa. Mchana ule Twaha alipoa. Alasiri alivuta mara mbili tatu akalala. Muuguzi akasema hiyo ni dalili nzuri, twende nyumbani, ila akikataa usiku tumrudishe hapo hapo.

Nitasema habari za Jaja kwanza. Tumbo lake lilinguruma siku kadhaa, akapewa dawa, akalalamikia dawa kuliko tumbo. Yale yaliyobaki kwenye chupa Baba aliyapima kama alivyokusudia. Aliniambia mafunjo yalifanya kazi kubwa, lakini si maji ya kumpa mtu kikombe, na kwamba kama Jaja angekunywa ya ile chupa ya kijani tungekuwa tunazungumza mengine. Kuanzia hapo chupa zake hazikuingia tena nyumbani kwetu. Nadhani Mama hakulazimika hata kusema.

Kisha, alipopata nguvu, Jaja akasema anataka kuliona hilo bwawa lililomnywesha. Tukaenda watatu. Baba alitangulia, mimi katikati, Jaja nyuma na fimbo yake, na kila alichotaka Jaja akijue Baba aliniambia mimi kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali zaidi. Alionyesha jinsi mafunjo yanavyoelea, mizizi imeshikana kama mkeka juu ya maji. Alionyesha mahali ambapo mtu alikuwa amefyeka apande mayuni, yale magimbi ya majimaji, na kuchimba mtaro mwembamba kupitisha maji, akasema hapa sasa maji yanakimbia moja kwa moja hadi ziwani kama yalivyoingia. Ilimuuma, nilisikia kwenye sauti. Jaja naye akaniambia, kwa sauti ya kumfikia aliye mbele, kwamba kule chini ya Mbale, mahali pa shimo lao, siku hizi ni mpunga mtupu. Mafunjo yalikatwa, maji yakatolewa, watu wakala wali, na yeye hawalaumu kwa wali. Ila ukichimba shimo leo yanakuja maji yenye harufu ya dawa za shamba, na mvua ikinyesha mlimani barabara zote za chini zinageuka mito. Ndiyo maana, alisema, alipoionja ile ladha kwenye kikombe cha kahawa hakuogopa. Alifurahi. Alidhani hataionja tena.

Baba alisimama aliposikia hivyo. Hakugeuka. Alinituma nimwambie Jaja kwamba atamtengea mkeka wa mafunjo haya haya, mpya, aende nao Mbale, aunuse badala ya kuunywa. Jaja alicheka mpaka fimbo ikazama matopeni.

Hayo yalikuja baadaye. Lakini jioni ya Jumatatu ile, tuliporudi kutoka zahanati, hakuna aliyecheka. Magharibi ilikwisha. Mama aliingia chumbani na Twaha, Jaja akamfuata, pazia likashushwa. Baba alikaa sebuleni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mimi nilijilaza mkekani kati ya pazia na kiti chake, mahali pangu pa kazi, nikingoja kutumwa. Tulisikia Mama akijiweka sawa, godoro likilalamika. Tulimsikia Twaha akinung'unika, akinyamaza, akinung'unika tena. Jaja alisema polepole, mwache atafute mwenyewe. Kukawa kimya. Kisha ikaanza sauti ndogo, ya kumeza, ikakatika, ikaanza tena, sasa bila kukatika, ya mtu mwenye njaa ambaye amekumbuka.

Baba aliweka kikombe chini. Nikainuka nusu, tayari kwenda kuuliza. Hakunitazama.

"Mama," aliita, sauti yake ikipita juu yangu. "Anaendeleaje?"

"Ananyonya, baba," Jaja akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Kunywa chai yako."

Nikajilaza tena, nikiwa sina la kufanya, nikalala.